Ngitili Iliyofunguliwa Masika

Siku niliyoolewa, baba yangu hakunitazama. Sisemi kumsingizia. Nilitoka mlango wa mbele na gauni jeupe la kukodi, wanawake wananipigia vigelegele mpaka masikio yanauma, na yeye alikuwa nyuma ya nyumba, zizini, anakagua ng'ombe wa mahari. Anashika nundu ya huyu, anafungua mdomo wa yule, anarudi nyuma kidogo kuitazama miguu. Gari likawashwa. Niligeuka kwenye kioo cha nyuma nikaona mgongo wake tu, na fimbo aliyoilaza mabegani. Nilikasirika. Na mimi si mtu wa kununa kwa siku mbili tatu yakaisha. Nikiamua kununa, nanuna kwa miaka.

Ng'ombe wale wakazaa, na waliozaliwa nao wakazaa. Baba aliwaita wote "za mwalimu", kwa sababu mwalimu ni mimi, na kila nilipotoka Bariadi kwenda Zagayu kusalimia, alinipeleka zizini kabla sijapewa hata maji. "Tazama za mwalimu zilivyo," anasema. Natazama. Namwambia zimenona. Moyoni nasema, hivi huyu mzee amewahi kujiuliza kama mimi nimenona?

Pumu ilinianza nikiwa mtu mzima, tayari nimefiwa na mume na watoto wangu wako shule za bweni. Nilipanga chumba mjini, upande ule wenye kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ukifika, malori yanapanga foleni toka Kasoli na kwingineko, na nyuzi nyeupe zinatua juu ya kila kitu. Kwenye kamba ya nguo, kwenye sufuria, kwenye nywele za watu wanaojiheshimu. Nikikohoa tu, mwenye nyumba anasema pamba hiyo. Mwalimu mwenzangu anasema pamba hiyo. Hata mimi nikasema pamba hiyo, kwa nini nibishane na watu wote? Hakuna aliyekumbuka kwamba nilibanwa pia miezi ambayo kiwanda kimefungwa na hakuna hata uzi mmoja hewani. Tulikuwa tumeshapata mshitakiwa, tukaridhika naye.

Ndipo mama akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakamtoka yote isipokuwa machache ambayo yalikuwa hayana maana. Mimi ndiye binti pekee. Mdogo wangu wa kiume yupo pale nyumbani na ni kijana mzuri, lakini jamani, mama hawezi kuoshwa na mwanawe wa kiume. Nikaandika kuomba uhamisho kwenda shule ya kijijini kwetu. Watu wa ofisini walinishangaa, maana walimu wanaomba kuja mjini, hawaombi kwenda kule. Mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa nilikuwa Zagayu na masanduku yangu.

Baba alikuwa ameandaa. Hilo siwezi kumnyima. Alisikia kwamba adui yangu ni pamba, basi akaiondoa pamba. Chumba kile tulikozoea kuhifadhi mavuno, ambako sisi watoto tulilala juu ya marundo ya pamba mpaka siku ya kupeleka mnadani, alikiondolea magunia yote, akapiga ufagio mpaka darini, akakandika ukuta upya. Halafu akatoboa dirisha. Nyumba ile haikuwahi kuwa na dirisha upande wa mashariki. Alilitoboa kwa ajili yangu, akaweka fremu ya mbao na wavu, akasimama kando yake siku niliyofika kama fundi anayesubiri sifa.

"Hapa utapumua," aliniambia. "Upepo unakuja msafi. Hakuna nyumba mbele, hakuna barabara. Ni ngitili tu."

Ngitili, kwa asiyeijua, ni malisho ambayo Msukuma anayafunga mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, mbuzi haingii, na mchungaji anayejisahau anakiona cha mtema kuni. Majani yanaachwa yarefuke, yachanue, yakauke yakiwa yamesimama hivyohivyo, ili kiangazi kikifika na kote kumebaki udongo mtupu, mifugo yako iwe na pa kupeleka mdomo. Anayefungua ngitili masika ni sawa na anayekaanga mbegu. Ya baba ilianza hatua chache nyuma ya nyumba na kushuka mpaka mtoni, na wazee wa pale waliisifia mbele yake na kuionea wivu akiondoka. Miaka ambayo wengine waliswaga mifugo mbali na kurudi na ngozi, yeye ng'ombe wake walikaa nyumbani wakitafuna.

Kitanda changu nikakiweka chini ya dirisha lile. Cha mama kikawekwa ukuta wa pili, tulale chumba kimoja.

Mwanzoni nilikuwa mzima kabisa. Majani yalikuwa mafupi, mvua zilichelewa mwaka ule, na baba aliwaambia wageni kwamba mwanawe amepona. Kisha mvua zikaja, lakini zikaja vibaya. Zinapiga siku kadhaa mfululizo, halafu linakuja jua la kuunguza, joto la kukufanya utafute kosa la mtu wa kumgombeza, halafu mvua tena. Majani yakapenda hali ile. Yakachanua, yakatoa mbegu, na kabla hayajamaliza mengine yakachipua na kuchanua upya. Wazee walisema kwamba hawakuzoea kuona majani yanachanua kwa muda mrefu hivyo. Baba alitembea kando ya uzio wake wa miiba akiwa na furaha isiyofichika. Mwaka huu, alisema, ng'ombe watashindwa kula.

Mimi nilianza na macho. Yanawasha mpaka natamani kuyatoa niyaoshe. Ikafuata chafya, mbele ya darasa, chafya juu ya chafya, watoto wanacheka na mimi natishia fimbo huku makamasi yananitoka. Nikalaumu chaki. Ikashuka kifuani. Nikalaumu vumbi la mablanketi ya mama, nikayafua yote. Baba akalaumu kiko chake, akakitupa chooni, yule mzee aliyevuta tumbaku tangu sijazaliwa. Na kila nilipobanwa, mtu alikuwa na busara ileile: fungua dirisha, mwalimu apate hewa. Nami nikafungua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimewafundisha watoto wa watu kwa kiboko.

Mama alikuwa ndiye mlinzi wangu. Hakuweza kusema, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na alisikiliza pumzi yangu kama mtu anayesikiliza chungu kisije kikafurika. Kando yake nilimwekea kikombe cha bati cha kunywea. Kifua changu kikianza kupiga filimbi, alikichukua kwa mkono wa kushoto akakigonga kwenye chuma cha kitanda, ngo ngo ngo, mpaka mtu aje. Nilimgombeza. Nilimwambia, mayu, mama yangu, mimi ndiye nimekuja kukuuguza wewe, usinibadilishie kazi. Alinitazama kwa jicho moja lililofunguka vizuri na akaendelea kugonga.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana. Jua lilikuwa limekausha umande wote tangu asubuhi na hewa ilisimama. Mama nilikuwa nimeshamlisha na kumgeuza. Wingu likainuka upande wa Serengeti, jeusi chini na jeupe juu, na kabla ya tone lolote ukatangulia upepo. Nakumbuka nilivyofurahi. Baada ya joto lile, upepo wa baridi! Nilisimama dirishani na kufungua vifungo vya juu vya blauzi. Nikaona ngitili yote imelala chini kwa mkupuo, ikainuka, ikalala tena, na juu yake kitu kama moshi mwembamba wa njano kinakuja upande wangu. Nikadhani ni vumbi. Matone machache makubwa yakapiga bati. Nikavuta pumzi kwa nguvu, kwa raha zangu.

Pumzi ile iliingia, haikutoka.

Waliowahi kubanwa wanajua, na ambao hawajawahi sina namna ya kuwaeleza vizuri. Si kwamba hewa haipo. Imekujaa kifuani, imeoza humo, na mpya haina pa kukaa. Nilishika fremu ya dirisha. Nilitaka kumwita baba, lakini sauti nayo inahitaji hewa. Nilipiga magoti. Nikawaza jambo moja tu, kwamba jioni mama atabaki bila mtu wa kumgeuza, na nikaogopa, Yesu wangu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nyuma yangu kikombe kilikuwa kinalia. Alikigonga kwa nguvu mpaka kikabonyea.

Baba aliingia na maji ya mvua yanamtiririka. Mdogo wangu akatoa pikipiki. Baba alikuwa amelaani pikipiki hadharani miaka yote, akisema ni chombo cha wahuni, na hakuwahi kupanda hata siku moja. Siku ile alipanda. Tulikaa mishikaki, mdogo wangu mbele, mimi katikati, baba nyuma amenikumbatia kwa mikono miwili nisidondoke, na jirani mmoja mwanamke akabaki na mama. Zahanati walinipa walichokuwa nacho na kusema, hapa haiwezekani, kimbieni Bariadi. Njia ilikuwa tope. Mvua ilitupiga usoni safari nzima. Kichwa changu kilikuwa kimelala nyuma, begani kwa baba, na alikuwa ananiambia neno lilelile sikioni, kwa Kisukuma, pumua mwanangu, pumua mwanangu, kwa sauti ambayo anamtulizia ng'ombe anayezaa.

Hospitali waliniwekea mashine ya hewa na sindano, na baadaye kidogo nikarudi duniani.

Daktari alikuwa dada mdogo, mwenye maneno ya polepole. Aliuliza nalala wapi, dirisha linaelekea wapi, nilikuwa nafanya nini kabla ya kubanwa. Nikamwambia habari za pamba, akatikisa kichwa. Pamba inaweza kuchokoza kifua, alisema, lakini hujabanwa na pamba, umebanwa na chavua ya majani. Loo! Nilitaka kucheka, ila kifua kiliuma. Kila mwaka nafundisha chavua. Nachora ua ubaoni, nawaambia watoto chavua hupeperushwa na upepo, na mwenye kukosea anarudia mara nyingi. Sikuwahi kujiuliza inapeperushwa kwenda wapi.

Baba alitaka kuelezwa, na Kiswahili cha daktari kilimpita, kwa hiyo nikawa mkalimani wa ugonjwa wangu mwenyewe. Majani yakichanua, alisema daktari, yanatoa unga. Siku za mvua ya taratibu unga unalowa, unaanguka, mgonjwa anapata nafuu. Siku za jua na upepo unaruka. Hatari kubwa ni ule upepo unaotangulia mvua ya radi baada ya joto, kwa sababu unaufagia unga wote kwa pamoja, na unyevu unazipasua zile chembe zikawa ndogo zaidi, zikafika chini kabisa mapafuni. Na majira yakivurugika hivi, joto likazidi, mvua ikaja na kukatika, majani yanachanua muda mrefu kuliko kawaida.

"Mayu daktari," baba alisema, "majani ya ng'ombe hayana maua."

"Yanayo, baba. Madogo tu."

Daktari akanigeukia mimi na kusema kwamba dawa za kuvuta nitapewa, lakini mahali pale niondoke mpaka majani yakauke. Nikamjibu palepale, kwa ukali ambao hakustahili, kwamba siondoki. Mama yangu yuko kitandani, namwachia nani? Daktari alitazama chini. Baba aliuliza amesema nini, nikamtafsiria, na sentensi ile ikanitoka vibaya mdomoni: anasema ama mimi niondoke, ama majani.

Tuliporudi nyumbani, kabla hajaingia ndani, baba alikwenda kwenye uzio wake. Alifungua mwavuli wake mweusi, akaugeuza juu chini, akakata shina moja la majani yaliyochanua na kulipiga taratibu juu ya kitambaa. Nilimwona kutoka mlangoni. Aliinama akatazama. Akapitisha kidole, akakitazama kidole. Akakata shina lingine kutoka mahali pengine na kupiga tena, kana kwamba shina la kwanza huenda lilimdanganya. Kisha akaufunga mwavuli na unga wake ndani na kuuacha nje ya nyumba.

Asubuhi yake nilisikia kengele za ng'ombe zinapita mahali ambapo hazipaswi kupita. Baba alikuwa ametoa miiba. Ng'ombe wenyewe walisita, maana walishapigwa sana wasiingie mle; walisimama kwenye pengo wakimtazama. Akampiga yule wa mbele kwa fimbo, akaingia, na wengine wakamfuata. Majani yaliwafika tumboni.

Mdogo wangu alikaribia kulia. "Baba, unafanya nini? Kiangazi tutawalisha nini, matofali?" Akachukua kwanja, akakata alichoweza aanike, walau tuwe na akiba ya majani makavu. Mvua ikayakuta chini, yakaoza, tukayatupa mbali kwa sababu ukungu wake nao ulinikohoza. Nje kote kulikuwa kijani, malisho yamejaa hadi barabarani, na ng'ombe wetu walikanyaga zaidi ya walichokula. Baba alitaka hivyo. Walipochoka kula, aliwaswaga waende na kurudi ili wakanyage.

Jirani yetu ng'ambo ya mto, mzee wa rika lake, alikuja mbio. Ukoo wake na wetu ni watani, kwa hiyo ana ruhusa ya kusema lolote, na anaitumia vizuri. "Bebe, wewe!" alipiga kelele kutoka mbali. "Wamekuroga lini? Mbona hujatuambia tuje tukutibu?"

"Majani ni yangu," baba alisema.

Alijibu hivyo kwa kila mtu. Hakumweleza hata mmoja habari za unga, labda aliona hawatamwamini, labda aliona haya. Mimi nilimfuata na kumwambia, baba, acha, nitatafuta chumba kwa mwalimu mwenzangu, nitakuja mchana tu. Akaniuliza, "Na usiku mama yako atageuzwa na nani?" Basi nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa. Anamhitaji muuguzi, nikasema moyoni, na muuguzi mzima ana faida kuliko mgonjwa. Hasira yangu ya zamani ilipata chakula chake, ikatulia.

Sikupona. Watu wanapenda hadithi ziishe na mtu kupona, mimi bado natembea na kipulizio kwenye mkoba. Lakini mbele ya dirisha langu hapakuwa tena na cha kuchanua. Siku za upepo niliziba dirisha kwa ubao, nikayasoma mawingu ya mashariki kama mkulima, na kifua kikabana kwa kiasi ambacho dawa ilikiweza. Nililala. Mama naye akalala, kikombe kimebonyea kando yake, na ikapita miezi bila kukigonga.

Kisha kiangazi kikatukuta.

Mwezi wa saba wenzetu walifungua ngitili zao. Tulikaa kwetu tukitazama ng'ombe wa jirani ng'ambo wanaingia kwenye majani ya rangi ya mkate. Za mwalimu zililamba udongo. Mdogo wangu aliziswaga mbali kutafuta malisho, zikarudi zimekonda kuliko zilivyokwenda. Baba aliuza alizoweza mnadani, na mnunuzi akishaona mbavu anataja bei ya mbavu. Mvua za mwisho wa mwaka zikagoma kuja. Kila siku tulitazama mbingu safi, ya bluu, hewa kavu ambayo kifua changu kiliipenda mno. Nilipumua vizuri kuliko mtu yeyote pale nyumbani na nilijichukia kwa hilo.

Wa mwisho katika wale wenyewe waliokuja na mahari alikuwa jike mzee, mweupe, masikio meusi. Alfajiri hakuweza kusimama mwenyewe. Baba anashika mkia, mdogo wangu anashika pembe, wanamwinua, anasimama akitetemeka, anatembea kutafuta kisichokuwepo. Nilikuwa nawatazama nikiwa na kikombe cha uji wa mama mkononi. Baba alimsemesha yule ng'ombe kwa maneno yaleyale niliyoyasikia kwenye pikipiki. Asubuhi moja walimwinua akaanguka, wakamwinua akaanguka, na baba akasema mwache. Akakaa chini kando yake mpaka ikaisha. Wakati wa jioni nilimpelekea chakula, akala, akaniuliza kama nimelala vizuri.

Mama alitutoka kabla ya mvua. Alikuwa mikononi mwangu, mchana, nimemwinua nimpe maji. Kwa mara ya kwanza ni mimi niliyesikiliza pumzi ya mwingine. Ilikuja ikichelewa, ikachelewa zaidi, kisha nikabaki nasubiri. Nilikuwepo. Nimejaliwa hilo, na sitaki kulieleza zaidi.

Watu walikuja wengi. Msiba kwetu unataka ng'ombe, na zizini kwetu hapakuwa na ng'ombe wa kuchinjia mtu. Jirani mtani alivuka mto akimswaga wake mwenyewe, amenona, wa ngitili. Tulimzika mama, tukala, na siku ya matanga, wakati watani wanapofanya kazi yao ya kuwatania wafiwa ili watu wapumue kidogo, yule mzee alisimama. Alichukua fimbo ya baba. Akaanza kumwigiza: anavyotoa miiba, anavyowapiga ng'ombe wasiotaka kuingia, anavyowatembeza juu ya majani mabichi kama askari wa gwaride. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Hata mdogo wangu alicheka.

"Mnamwona huyu?" mtani alisema. "Alikuwa na ngitili ya kutamaniwa. Akaitia kwato masika! Leo anamzika mkewe kwa ng'ombe wa kuombwa. Tuambie, bebe, mbele ya marehemu. Za mwalimu zilikukosea nini? Ng'ombe wa mahari ya binti yako, ukawaua kwa njaa. Hivi humpendi hata kidogo mtoto wako?"

Nilikuwa nimekaa chini na wanawake. Kicheko kilipungua, maana swali la mtani linatakiwa lijibiwe kwa mzaha, na baba hakuwa na uso wa mzaha. Aliinuka polepole. Alichukua fimbo yake kutoka kwa mtani akaiegemea.

"Siku ile ng'ombe zinaingia zizini," alisema, "huyu alikuwa anatoka mlangoni. Nilisikia gari. Sikuweza kumtazama akiondoka, nikatazama ng'ombe. Miaka yote nilipotaka kumwona mwanangu, nilikwenda zizini kutazama ng'ombe."

Akanielekezea mimi kidole.

"Sasa amerudi mwenyewe. Majani yanataka kumuua, na daktari anasema aondoke. Mlitaka nifuge ng'ombe, yeye atoke mlangoni mara ya pili?"

Mtani, ambaye kazi yake siku hiyo ni kuwa na neno la mwisho, alivua kofia akakaa. Mimi nililia. Nililia kwa sauti, kwa pumzi ndefu zinazoingia na kutoka, na hakuna aliyelazimika kugonga kikombe.